Amana Iliyoota Ukungu

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa vitu viwili: ule mvuke mweupe unaotanda juu ya bahari alfajiri na kuyaficha majahazi, na ule uoto unaoushika mkate uliosahauliwa kabatini. Sisi wafasiri huudhika na maneno ya namna hii, kwa kuwa kila mara hutulazimisha kuchagua. Nami niliudhika nayo mpaka jioni moja nilipoiinua lenzi ya kamera mbele ya taa, nikaviona ndani yake vyote viwili kwa pamoja. Kwa mbali ulikuwa ni umande mwepesi, kama kwamba mtu amekipumulia kioo. Kwa karibu zilikuwa ni nyuzi nyembamba zenye matawi, mithili ya mizizi ya mche, zikitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati.

Lenzi ile haikuwa yangu.

Mwenyewe ni mzee ambaye tangu utoto nimekuwa nikimwita Maalim, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Ujanani mwake alisoma Urusi, akarudi na kamera aina ya Zenit iliyofungwa lenzi ya Helios 44-2. Mwaka 2009, akiwa amekwisha kustaafu, aliamua kumfuata binti yake Maskati. Kabla ya safari alikuja kwangu, akaiweka kamera mezani ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi, akasema, "Niwekee hii, mwanangu." Sikumwuliza kwa muda gani, wala yeye hakusema. Niliizongazonga kitambaa, nikaiingiza kabatini nyuma ya makamusi, nikajiapia kwamba haitoguswa na mkono wa mtu. Na kweli haikuguswa. Watoto walikatazwa, wageni walikatazwa, na mimi mwenyewe nilijikataza. Katika kile kiza cha miezi mitatu kilichoikumba Unguja kuanzia Desemba 2009, hata nilipokuwa nikitafuta mshumaa nililipapasa kabati lile kwa hadhari kubwa. Nilijiona mtu mwaminifu.

Mwaka 2023 Maalim alipiga simu. Masika yakimalizika atakuja, alisema, na anataka kuipiga picha nyumba aliyozaliwa kabla haijaanguka. Akauliza kama kamera ipo. Nikamjibu kwa fahari kwamba ipo pale pale alipoiacha. Baada ya kukata simu ndipo nilipoifungua.

Yaliyoisibu lenzi ile hayana muujiza. Mbegu za kuvu zimejaa hewani, na katika visiwa vyetu hazihitaji mwaliko. Zinachotaka ni unyevu, joto, kiza na utulivu, na mimi nilikuwa nimeziandalia vyote vinne. Ngozi ya mfuko hunywa unyevu wa masika na kuukumbatia hata jua la kaskazi linapowaka. Kitambaa nilichoongeza kilizuia hewa. Kabati lilizuia mwanga. Kuvu haili kioo chenyewe. Hula vumbi na mafuta yaliyobaki juu yake, lakini huku ikila hutoa asidi, na asidi hiyo hutafuna utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, kisha, ikipewa miaka ya kutosha, hukichimba na kioo. Nami niliipa miaka kumi na minne.

Hapa ndipo lilipo swali linalonisumbua, na ndilo lililonifanya niandike. Kuitunza amana ni kuiacha kama ilivyo, au ni kuigusa? Mazoea yetu hujibu upesi: amana haiguswi. Tunamsifu mtu aliyewekeshwa kitu akakirejesha na fundo lake lile lile. Nami kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwa fundo.

Nilimsimulia jambo hili rafiki yangu mmoja aliyesoma fikihi kwa wazee, nikitaraji anipoze. Alicheka kidogo, akaniuliza kama nimesahau Minhaj. Kitabu hicho cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa katika pwani hii na watu wa madhehebu ya Shafi kwa vizazi vingi, na katika mlango wake wa amana mna jambo ambalo nilikuwa nimelisikia nikalipita. Mtu akiwekeshwa nguo za sufi, wajibu wake ni kuzitandaza zipigwe na upepo ili wadudu wasizile. Na ikiwa upepo hautoshi, wajibu wake ni kuzivaa, kwa sababu, wanavyoeleza washereheshaji, harufu ya mwanadamu huwafukuza wadudu. Akiziacha zikaharibika, ilhali mwenyewe hakumkataza kuzigusa, atalipa.

Nilikaa na maneno yale kwa siku kadhaa. Alizungumza juu ya nguo za sufi katika nchi ya Sham, lakini alikuwa akizungumza juu ya kabati langu. Kamera hufukuziwa kuvu kwa mambo yale yale: hewa, mwanga na matumizi. Lau kila baada ya mvua ningeitoa, nikaiweka dirishani, nikapiga picha mbili tatu za watoto wakicheza, ningeikuta safi. Uaminifu wangu ndio ulioiua. Nasema hivi bila ya kutaka kuonewa huruma, maana ndani ya uaminifu ule mlikuwamo pia uvivu. Kutogusa ni kazi nyepesi kuliko zote, nayo ina raha moja kubwa: kitu kikiharibika, unaweza kusema kwamba hukukigusa.

Sasa ukungu umekwisha ingia, nifanye nini? Njia zilikuwa tatu: kumwambia Maalim na kungoja amri yake, kutafuta fundi, au kuifungua kwa mkono wangu. Ya kwanza niliikimbia kwa aibu. Ya pili niliijaribu. Fundi wa kamera niliyemjua alikwisha fariki, na kijana niliyeelekezwa kwake hutengeneza simu. Aliitazama, akaigeuza, akanambia kwa adabu kwamba kununua nyingine ni rahisi zaidi. Ikabaki ya tatu.

Ipo hadithi mashuhuri inayomtia dhamana mtu anayetibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Wenye kunijua watastaajabu nikisema kwamba naiogopa hadithi hiyo tangu nilipoanza kazi ya kalamu. Sikuingia chuo chochote kujifunza kufasiri wala kutunga. Kila nilichokijua nilikijua kwa kukifungua, na vitu vingi nilivifungua kabla sijastahiki. Shairi la mtu ulilolifasiri vibaya halikulaumu, na mwenyewe aghlabu hana habari. Kioo kina ukali zaidi.

Nilijisomea kwa wiki tatu. Helios 44-2 ina vioo sita katika mafungu manne. Viwili viko peke yao, na vinne vimegandishwa viwili viwili. Ni nakala ya lenzi ya Kijerumani, Biotar ya Carl Zeiss wa Jena, ambayo Warusi waliichukua na kuitoa kwa wingi kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo lenzi ya Maalim, iliyokuwa kwangu kama kitu cha pekee duniani, ilikuwa ni tafsiri iliyochapwa mara nyingi mno. Haikuniudhi kulijua hilo. Nilijiona nimo miongoni mwa jamaa zangu.

Pete ya mbele, yenye jina na nambari, haina mahali pa kutia bisibisi. Hufunguliwa kwa kuigandamiza na mpira na kuzungusha. Nilitumia kizibo cha mpira cha sinki. Pete za nyuma zina vijishimo viwili viwili vinavyoelekeana, nami nilizifungua kwa bikari ya mwanafunzi niliyoinoa ncha zake zikalingana. Vumbi nililipuliza kwa kile kipira cha kunyonyea makamasi ya mtoto mchanga. Kuvu niliifuta kwa pamba iliyochovywa katika haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, kisha kwa spiriti, kutoka katikati kwenda ukingoni, pamba moja mara moja tu na kuitupa. Kila kioo kilichotoka nilikiweka juu ya karatasi, nikachora kando yake mshale wa kuonesha upande unaotazama nje. Yote haya yanawezekana nyumbani kwa mtu mwenye subira na meza safi. Nilikuwa na meza safi.

Nyuzi zilitoka. Kwa muda nilikuwa na furaha ambayo sijaipata katika kazi yoyote ya kalamu, kwa sababu shairi likisafishwa huwezi kulipitisha mbele ya taa ukajua kwa yakini. Kioo cha mbele kilirudi kama maji. Lakini kile cha nyuma, nilipokiinamisha, kilionesha alama za kijivu mahali pale pale zilipokuwa nyuzi. Kuvu ilikuwa imeondoka, njia zake zimebaki. Alama zile haziondoki kwa dawa. Isitoshe zilikuwa upande mbaya: dosari ya kioo cha nyuma huonekana katika picha zaidi kuliko ya kioo cha mbele.

Lililofuata silisemi kwa urahisi. Badala ya kukubali, niliendelea kusugua, na pamba ilipokwisha nikachukua kipande cha kanga iliyochakaa, laini kuliko hariri, iliyokuwa imeanikwa uani. Uani kwetu ni mchanga. Nilisikia chembe moja ikilia chini ya kidole kabla sijauona mkwaruzo: mstari mmoja mweupe, mfupi kama ukope. Alama za kijivu zilikuwa za kuvu, na kwa kuvu ningeweza kugawana lawama na masika. Ukope ule ulikuwa wangu peke yangu.

Wala sikuishia hapo. Mzunguko wa fokasi ulikuwa mzito, grisi yake imekauka, nami, kwa kuwa mkono ulikwisha zoea kufungua, nikaufungua na huo. Hakuna aliyeniomba. Kuvu ilikuwa haja, grisi ilikuwa kiburi. Nami sikutia alama mahali hesi zilipoachana. Hesi za lenzi zina milango kadhaa ya kuingilia, na ukiurudisha mzunguko kwa mlango usio wake utaingia vizuri, utazunguka vizuri, na kamera haitoona mbali. Asubuhi yake nilikwenda Forodhani, nikakitazama kisiwa cha Changuu kwa mzunguko uliofika mwisho, penye ile alama ya nane iliyolala ambayo maana yake ni umbali usio na kikomo. Changuu kilikuwa kama tone la maziwa katika maji. Nilikwenda na kurudi Forodhani asubuhi nne, kila siku nimeingiza hesi kwa mlango mwengine, hata wauza kahawa wakadhani napeleleza meli. Siku ya nne miti ya Changuu ikasimama mmoja mmoja.

Nalikumbuka neno kutengeneza kila nilipokuwa nikipita njia ile. Lugha yetu haimtenganishi anayekifanya kitu kiwepo na anayekirudisha katika hali yake. Fundi hutengeneza kitanda kipya na hutengeneza kitanda kilichovunjika, kwa kitenzi kile kile, na ndani ya kitenzi hicho mna kutengenea, yaani kukaa sawa. Wapo wanaouona huu kuwa ni ufukara wa msamiati. Mimi naona kuna onyo ndani yake. Aliyekitengeneza kitu kilichovunjika ameingia, apende asipende, katika daraja la waliokifanya. Tangu hapo nacho ni kazi yake kwa kadiri fulani, na makosa yake ni makosa yake.

Wiki moja kabla Maalim hajafika, nikapata kwa kijana anayeuza vikorokoro Zenit nyingine, mbovu, kifungio chake kimekwama. Lenzi yake ilikuwa Helios 44-2, na vioo vyake safi kabisa. Nilimlipa alichotaka.

Nia yangu ya kwanza ilikuwa kuvihamisha vioo vya nyuma tu. Nikajipa hoja ya jahazi. Jahazi linalopandishwa pwani kila mwaka hubadilishwa ubao leo, taruma mwakani, hutiwa kalafati mpya, na baada ya miaka thelathini huenda usilikute gogo hata moja la asili isipokuwa pengine mkuku. Na bado ni jahazi lile lile, lina jina lile lile, na hakuna nahodha anayedai kuuziwa uongo. Wanafalsafa wa Kiyunani walilijadili suala hili kwa merikebu ya Theseus, lakini mtu wa pwani halihitaji Yunani. Ikiwa jahazi linabaki lile lile, kwa nini lenzi isibaki?

Hoja ile ilinipendeza usiku kucha, na asubuhi nikaona ufa wake. Mwenye jahazi huwapo. Hukaa kivulini akaona ubao upi umetoka na upi umeingia, akabishana na fundi juu ya bei, na jina likabaki kwa sababu yeye ameridhia libaki. Kinacholifanya jahazi kuwa lile lile si mbao wala mkuku, ni ushahidi wake. Mimi nilikuwa nafanya kazi ile mlango umefungwa.

Na mlango ukifungwa mtu hafanyi nusu. Kama navihamisha vioo viwili, mbona nisihamishe vyote? Na kama ni vyote, njia fupi ni moja: niichukue pete ya mbele ya lenzi ya Maalim, yenye nambari yake, niifunge katika lenzi ile safi. Dakika tatu. Niliifanya. Natamani niseme kwamba niliwaza tu, lakini niliifanya. Niliizungusha pete kwa kizibo cha sinki mpaka ikakaza, nikaiweka lenzi mezani, nikaitazama. Ilikuwa haina doa. Nambari ilikuwa yake. Ilikuwa ndiyo Helios ambayo Maalim angeipata kama mimi ningekuwa mtu mwema.

Kuna msemo tunaousema sana sisi wafasiri, kwamba tafsiri bora ni ile ambayo mkono wa mfasiri hauonekani. Nami nimeusema mbele ya vijana. Kitabu cha Ibn al-Haytham juu ya kuona, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na wasomi wa Ulaya wakajifunza humo kuhusu mwanga na jicho. Aliyekifasiri hajulikani jina. Daima nimemhusudu mtu yule, nikiuona ukimya wake kuwa ndio kilele cha adabu. Usiku ule, pete ikiwa mezani, nilitambua kwamba nimekuwa nikichanganya mambo mawili. Mkono wake umefichika, lakini hakuna aliyedanganywa kwamba Ibn al-Haytham aliandika Kilatini. Wangu ulikuwa unafichika ili mtu adanganyike. Katika biashara, sheria yetu humlazimisha muuzaji kuitaja aibu ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurejesha. Mimi nilikuwa nauza bidhaa ambayo bei yake ni heshima ya mzee juu yangu.

Niliitoa pete, nikairudisha mahali pake. Sitaki kujipamba: nusu ya sababu ni kwamba pete ile ilikuwa na kibonyeo kidogo kando, nami sikukumbuka kama Maalim anaijua nafasi yake. Kisha nikampigia simu kabla moyo haujageuka.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Sauti yako ina homa."

Nikamweleza yote: ukungu, kanga, mkwaruzo, hesi, lenzi ya pili. La pete nilinyamaza, na hilo nililisema baadaye, uso kwa uso. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mpapai wa uani bado unazaa.

Alipofika nilimpokea kwa kila nilichokuwa nimekiandaa. Nilikuwa na maneno tayari juu ya kioo kilichoona harusi yake na kilichowaona watu ambao sasa wamo makaburini, na kwa nini alama za kijivu zina thamani kuliko usafi wa kununua. Nilizipanga lenzi mbili juu ya meza, nikazisema habari zake. Maalim alivua miwani, akaishika ya kwake kwanza, akaielekeza dirishani, akaigeuza mpaka akaupata ule ukope mweupe.

"Huu ndio wako?"

"Ndio wangu, Maalim."

Akaiweka. Akaishika ya pili, akatazama kwa muda mrefu zaidi, kisha akanipa kamera nimfungie hiyo safi.

"Macho yangu yenyewe yana ukungu," alisema. "Cha kamera nacho?"

Siku tatu tulizunguka nayo. Aliipiga picha nyumba kwa mbele na kwa nyuma, mlango wake uliong'olewa misumari ya shaba, ngazi iliyokwisha poromoka. Hakuigusa tena ile ya zamani. Nilikuwa nimejenga kasri zima la fikra juu ya kioo kile, na mwenyewe alilipita kama mtu anavyopita dimbwi. Niliona kinyongo kidogo, nakiri. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba hata uchaguzi huu haukuwa wangu wa kuchagua, na kwamba lau ningeibadilisha lenzi kwa siri angekuwa na picha hizi hizi.

Siku ya kuondoka, nilipokuwa nikimfungia begi, nilimtolea lenzi yake, yenye nambari yake na ukope wangu. Aliisukuma kwa ncha ya bakora. "Hiyo kaa nayo," alisema.

Nimefasiri maneno magumu kuliko hayo, na hadi leo sijui la kuyafanya. Kaa nayo, imekuwa yako. Au kaa nayo, mpaka nitakapokuja. Ningeweza kumwuliza pale pale, na boti ilikuwa bado haijapiga honi. Sikumwuliza. Haimo kabatini sasa. Iko dirishani, juu ya kisahani, bila ya mfuko wala kitambaa, na siku za jua huifunga katika ile Zenit mbovu, nikautazama nayo mpapai, nikauzungusha mzunguko mpaka mwisho na kuurudisha.